Milango Minne ya Zahanati ya Lukwale

Mara ya kwanza milango ya zahanati ya Lukwale ilipakwa rangi na mkandarasi aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini. Alipaka juu ya chuma kitupu, bila kusugua, bila praima ya kuzuia kutu, milango yote minne kwa siku moja, akaipiga picha akaondoka. Masika yalipofika rangi ikaanza kubanduka vipande vipande, na chini yake kutu ilikuwa imeshakaa kitambo. Mara ya pili wanakijiji walichanga, akatumwa mtu kununua rangi, akauziwa rangi ya maji, ya kupaka ukutani. Hiyo haikumaliza hata vuli.

Mara ya tatu ndipo walipokwenda kumwita Salum Kobelo.

Salum alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mfupi, asiye na maneno mengi. Miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya milango na mageti pale Msamvu, Morogoro mjini. Wenzake walichomelea, yeye alipaka. Kifua kilipoanza kumsumbua kwa sababu ya harufu ya thina ya kuyeyushia rangi, alirudi kwao mlimani kulima ndizi na pilipili manga, akajenga karibu na dada yake, Mwaisha. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alikuwa na Mwanahawa, binti wa dada yake, ambaye alimlea tangu anatambaa, na ambaye sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Mumewe Mwanahawa, Said, alikuwa mashamba ya miwa akikata miwa ya msimu, akija nyumbani kwa nadra.

Aliyemfuata ni Evance, mtendaji wa kijiji, kijana wa Gairo ambaye alikuwa na miezi saba tu pale na bado alitembea kwenye miteremko ya Lukwale kama anayeogopa kudondosha kitu. Alikuja na barua mkononi.

"Shikamoo, mzee Salum."

"Marahaba. Kaa hapo, pumua kwanza."

Evance akakaa, akaisoma barua. Ilitoka wilayani. Ilisema zahanati haiwezi kupokelewa wala kupangiwa mhudumu mpaka kasoro zilizobaki zirekebishwe, na kasoro iliyobaki ilikuwa moja: milango ya nje imeshika kutu. Mkaguzi angekuja Ijumaa ya wiki inayofuata.

"Kwa hiyo tunanyimwa nesi kwa sababu ya kutu," alisema Salum.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mzee."

"Na milango ikiwa mizuri?"

Evance alikunja barua taratibu. "Wakiridhika, nesi anaweza kupangwa mwezi ujao. Nimeambiwa hivyo kwa mdomo."

Salum akahesabu kichwani. Mwezi ujao, mwishoni, ndipo Mwanahawa alipotarajia kujifungua. Mpaka kituo cha afya kilichoko chini barabarani ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwa mtu mzima mwenye afya, na mvua isiponyesha. Jengo la zahanati lilikuwa limesimama pale juu mwaka wa tatu sasa, na kitanda cha kujifungulia kimo ndani, hakijavuliwa nailoni yake.

"Nitapaka," alisema.

Jioni hiyo Mwanahawa alipomletea ugali alimuuliza, "Mjomba, utaweka rangi gani?"

"Barua haisemi. Mtendaji amepiga simu wilayani, hawapokei. Wewe ungetaka gani?"

Mwanahawa alifikiri, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyeulizwa jambo kubwa. "Kijani. Kijani kile kibichi. Mtu akiwa kule ng'ambo ya bonde auone mlango, ajue pa kwenda."

Kesho yake Salum akashuka mjini. Duka alilolizoea lilikuwa bado palepale, jirani na soko kuu, na muuzaji wake, Oscar, alikuwa ameota mvi.

"Mlango uko nje, kwenye umande na ukungu," Salum alimweleza. "Nataka praima nyekundu ya chuma, na rangi ya mafuta ya kung'aa. Siyo hii ya geti la mjini, inayopigwa na jua tu. Kwetu kule maji hayatoki juu peke yake, yanatoka hata hewani."

Oscar alimwekea makopo mbele. "Hii hapa inavumilia unyevu kuliko zote. Lakini unajua mwenyewe, fundi, hakuna rangi inayoshika kwenye chuma chenye majimaji. Ukipaka juu ya umande umejisumbua bure."

"Najua."

"Itakauka huko kwenu?"

"Hilo ndilo sijui," alisema Salum.

Jumatatu alianza. Lukwale jua lilikuwa na saa zake. Mpaka saa nne asubuhi chuma kilikuwa bado kinatoka jasho, na saa nane mchana ukungu ulishuka kutoka kileleni ukafunika kila kitu. Katikati ya hapo alikuwa na saa nne tu za kazi. Siku ya kwanza alikwangua na kusugua kwa brashi ya waya mpaka mikono ikafa ganzi, akamalizia na msasa, akafuta kwa kitambaa chenye thina, mlango ukabaki kijivu na mng'aro wake wa asili. Siku ya pili akapaka praima. Siku ya tatu akapaka mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, la kijani. Kila ukungu uliposhuka alifunika milango kwa maturubai aliyoyatundika mbali kidogo na chuma yasiguse, halafu akaketi kibarazani kuyachunga kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Evance alikuwa amemwachia funguo zote, Salum akazivaa shingoni kwa kamba.

Jumatano Mwanahawa alimteremshia chakula. Alisimama mbali kidogo, akautazama mlango wa mbele.

"Umependeza," alisema. Kisha akacheka. "Mjomba, wewe uso wako wote ni kijani."

"Nenda nyumbani, usivute hii harufu."

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mkono wa pili. Saa sita kasoro Salum alikuwa ameshamaliza milango mitatu, yuko kwenye wa nne, ule wa chumba cha kujifungulia, ambao ulifunguka moja kwa moja nje ili machela ipite. Alikuwa amebakiza kipande cha chini aliposikia watu wakiteremka kutoka juu kwa haraka. Wanaume wanne walikuwa wamebeba kitanda cha kamba mabegani, Mwanahawa amelala juu yake. Nyuma yao Mwaisha alikuja karibu kukimbia, khanga imemdondoka kichwani hana habari.

Salum aliweka brashi chini.

"Uchungu umeanza lini?" aliuliza.

"Alfajiri," alisema Mwaisha. Alimvuta pembeni, akashusha sauti. Alikuwa amezalisha wanawake wengi kijijini na hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. "Tumeona mguu, kaka. Mtoto katanguliza mguu."

"Mpelekeni barabarani basi!"

"Hafiki. Nimemshika, najua. Hafiki. Fungua."

Salum akafungua. Ufunguo ulimteleza mara mbili kwa rangi iliyokuwa vidoleni. Kitasa kilikuwa kibichi, fremu ilikuwa mbichi, na wale wanaume walipopitisha kitanda, mabega yao yaliburuza rangi, na Mwanahawa, aliyekuwa akitafuta kitu cha kushika, alishika mlango kwa viganja vyote viwili.

Ndani mlikuwa na kitanda cha chuma chenye nailoni, kabati lisilo na kitu, sinki lenye bomba ambalo halikuwahi kutoa maji, na taa darini isiyo na umeme. Mwaisha aliichana nailoni kwa meno. Wanaume wakatoka. Simu ya Evance, aliyekuja mbio alipouona msafara, haikushika mtandao pale kibarazani. Ilishika juu ya mwamba mmoja tu, hatua kama hamsini kutoka kwenye jengo. Evance akaupanda mwamba ule na viatu vyake vya ofisini, akampata nesi wa kituo cha afya cha chini, akawa anapiga kelele kupeleka maneno huku na huku.

"Anasema gari la wagonjwa limekwenda mjini! Halijarudi!"

"Muulize tufanye nini!" alijibu Mwaisha kutoka ndani.

"Anasema mama asogezwe pembeni ya kitanda! Mtoto asivutwe! Anasema msimvute!"

"Sivuti!"

"Anauliza mna glovu?"

Hapakuwa na glovu.

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka bondeni na mlango ulikuwa ukijifunga. Ukijifunga, chumba kinakuwa giza, maana madirisha yalikuwa juu sana na madogo. Salum akaushika kwa nje, mgongo wake umeelekea chumbani kwa heshima, uso kwenye migomba. Alihisi rangi ikinata kiganjani. Nyuma yake alimsikia Mwanahawa akihema, akimwita mama yake, akinyamaza, akihema tena.

"Mjomba," Mwanahawa alisema mara moja, kwa sauti ya chini sana. "Mjomba, harufu hiyo."

Salum alifumba macho. Mlango akiufunga, dada yake haoni anachofanya. Akiuacha wazi, upepo unaiingiza harufu ya rangi na thina yote ndani, juu ya uso wa binti yake. Aliufunga kidogo. Mwaisha akapiga ukelele, "Mwanga!" Akaufungua. Alivua shati, akajaribu kuufuta mlango kwa shati, rangi ikaenea tu, na harufu ikazidi. Hapakuwa na jambo lingine la kufanya. Akasimama vilevile, ameushika mlango, mdomo wake ukisema dua ambayo hata yeye hakuisikia.

"Simu imekatika!" alilia Evance kule mwambani. "Haloo? Haloo, sista?"

Mtoto alizaliwa muda mfupi baadaye. Hakulia. Salum alimsikia dada yake akimpulizia, akimpapasa mgongo, akimsemesha kama anavyosemeshwa mtoto mvivu wa kuamka. Alisikia maji ya chupa yakimwagwa. Kisha akasikia Mwaisha akiacha.

"Wa kike," alisema Mwaisha, ndani, bila kuelekeza kwa mtu.

Hawakupata nafasi ya kulia, kwa sababu damu ya Mwanahawa ilikuwa haikatiki. Wakamrudisha kwenye kitanda cha kamba, wakaanza kushuka, wanaume wanne, na Salum akipokezana nao akiwa kifua wazi. Nusu ya njia mvua ikawakuta. Kule barabarani walipata gari la mizigo lililopakia ndizi, dereva akashusha mikungu yake matopeni bila kuulizwa. Walifika kituoni jua likizama, na nesi yule wa kwenye simu, Ester, alikuwa amesimama mlangoni anawangoja.

Mwanahawa hakufa. Walimwekea dripu, wakampa dawa ya kukaza damu, na ilipofika asubuhi alikuwa anaweza kugeuza kichwa. Salum alimsubiri Ester nje mpaka akatoka.

"Sista, nataka kukuuliza kitu."

"Uliza, baba."

"Rangi ya mafuta ikiwa mbichi. Na thina. Ile harufu. Inaweza kumwua mtoto?"

Ester alimtazama, akaitazama mikono yake iliyokuwa kijani mpaka kwenye viwiko. "Hapana, baba. Mtoto alikwama. Angehitaji mtaalamu na vifaa, na haraka. Siyo rangi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Salum aliitikia kwa kichwa, akashukuru. Lakini alipokuwa akipanda mlima kwenda kuzika, maneno yale ya nesi yalikuwa yakimtoka moja moja, na lililobaki lilikuwa ile sauti ya chini, mjomba, harufu hiyo. Walimzika mtoto Ijumaa hiyohiyo. Mkaguzi hakuja. Evance alipata ujumbe saa tano kwamba gari halina mafuta, ukaguzi umeahirishwa hadi Jumatano.

Jumatatu Salum alirudi kwenye milango. Alitaka kusema hapana, lakini hakujua amwambie nani, na wanawake wengine wawili pale kijijini walikuwa wajawazito. Mmoja, mke wa Elia, alikuwa amekwisha kupita kwake kumuuliza, kwa adabu sana, kama kazi itaendelea.

Ile mitatu ilikuwa mizuri. Maji yalitiririka juu yake bila kushika. Wa nne ulikuwa umekaukia vilevile ulivyoachwa. Kwenye fremu palikuwa na michirizi ya mabega. Katikati palikuwa na uchafu wa shati lake, nyuzi zimenasa ndani ya rangi. Na upande wa kushoto, usawa wa mtu aliyelala kwenye machela, palikuwa na viganja viwili, vidole vyote kumi, vimechimba mpaka kwenye praima, wekundu wake unaonekana.

Alikunja msasa. Kwanza alisugua fremu. Akasugua katikati. Akaenda kukaa kibarazani, akanywa maji, akarudi, akasugua fremu tena mahali palipokuwa pameshalainika. Evance alikuja akamkuta hapo.

"Mzee, nikusaidie?"

"Hapana."

"Unaweza kuviacha hivyo. Nitamwambia mkaguzi ilivyokuwa."

"Utamwambia, halafu ataandika kwamba mlango una kasoro."

Macho ya Evance yalikuwa mekundu. Alikuwa ameandika barua mbili tangu Ijumaa, moja kwenda wilayani na moja kwenda juu zaidi, na alijua vizuri barua zinavyosafiri.

Salum aliweka msasa juu ya kiganja cha kwanza. Alisugua taratibu, kwa duara, kama alivyofundishwa, mpaka kingo zikawa sawa na pasiwe na mahali pa rangi mpya kuvimba. Alisugua kidole kimoja kimoja. Vumbi la kijani lilimdondokea miguuni. Alipomaliza kiganja cha pili alilia, bila sauti, msasa uko mkononi, kisha akajifuta kwa bega na kupaka praima, kwa sababu ilikuwa imeshafika saa saba na ukungu ulikuwa njiani. Kesho yake akaurudishia kijani.

Mkaguzi alifika Jumatano saa tano, amepanda kutoka barabarani kwa miguu, viatu mkononi. Alikuwa mama wa makamo, Editha, mpole, akiomba samahani kwa kuchelewa. Aligonga kila mlango kwa kidole, akapitisha ukucha kwenye kona, akachungulia bawaba.

"Nani amefanya kazi hii?"

"Mimi," alisema Salum.

"Hongera sana, baba. Sijaona milango iliyopakwa hivi wilaya nzima." Kisha akafungua faili lake, akageuza karatasi, na uso ukambadilika. "Ila ni kijani."

"Ndiyo."

"Kwenye ramani imeandikwa kijivu. Milango ya nje, kijivu. Mtendaji, hamkuuliza?"

"Tulipiga simu, mheshimiwa," alisema Evance. "Tulipiga mara tisa."

Mama Editha alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Alionekana amechoka kweli. "Siyo mimi niliyeandika hii ramani. Nikiweka tiki hapa wakati rangi ni nyingine, faili litarudishwa, na mtaanza upya. Ni bora mpake tu. Chuma kimeshaandaliwa, haitawachukua muda."

Evance alifungua mdomo akaanza kueleza habari ya Alhamisi. Alieleza yote, akibabaika, mpaka kwenye mwamba na simu. Mkaguzi aliweka mkono mdomoni. Alimgeukia Salum, akampa pole, na machozi yalikuwa yamemlenga.

"Mama," alisema Salum, "nikipaka kijivu, nesi atakuja lini?"

"Hilo lipo idara nyingine, baba. Nikikuambia tarehe nitakuwa nakudanganya."

"Mwaka huu?"

"Sijui," alisema. "Haki ya Mungu sijui."

Akaandika karatasi yake, akaisaini, akaanza kuteremka kabla mvua haijaanza.

Salum alikwenda kwa dada yake. Mwanahawa alikuwa amerudishwa jana yake, amelala kwenye mkeka penye jua, Said mumewe, aliyerudi kutoka kwenye miwa, amekaa karibu naye. Mwanahawa alikuwa amekonda usoni. Salum aliketi chini, akamweleza alichosema mkaguzi, kwa sababu kijijini angelisikia tu.

"Kwa hiyo kijivu," alisema Mwanahawa.

"Kijivu."

"Utapaka?"

"Sijui nifanye nini kingine."

Mwanahawa alitazama mikono yake mwenyewe muda mrefu. Kwenye kucha bado palikuwa na rangi ambayo sabuni ya hospitali haikuitoa. Salum alitaka kumwambia habari ya ile harufu, kumwomba msamaha, lakini hapo hapo Mwaisha akaja na uji.

"Mjomba," alisema Mwanahawa aliposhika kikombe. "Yule mke wa Elia, amefikisha miezi mingapi?"

"Saba, nasikia."

Alikunywa uji kidogo, akampa Said kikombe akishike, akageuka upande wa ukuta. Salum alikaa naye mpaka jua likahama kwenye mkeka, kisha akainuka kwenda kumtafuta Evance, wajue nani atashuka mjini kununua rangi.